Hii 'kodi ya ardhi' ni ipi hasa? Kiswahili cha kaunti kinamtia mlipaji hasarani

Kila mwaka, baina ya Januari na mwisho wa Machi, serikali za kaunti hutukumbusha kulipia ardhi zetu. Mabango hutundikwa, jumbe fupi huingia kwenye simu, watangazaji wa redio hupaza sauti. Anayesikiliza kwa makini atagundua kitu. Tangazo moja litasema 'kodi ya ardhi'. Jingine litasema 'ada za ardhi'. La tatu litasema 'ushuru wa ploti'. La nne litakuwa limechoka kutafsiri na litasema 'rates' tu, basi, kila mtu ajijazie. Sisi wa vyuo vikuu jambo hili huliita ukosefu wa usanifishaji wa istilahi. Tunaliandikia makala, tunalisafiria kongamano, tunakunywa chai, tunarudi nyumbani. Leo ningependa tulitazame kutoka upande wa pili wa kaunta, aliposimama anayelipa.

Dai langu ni kwamba Kiswahili kinachotumiwa katika utozaji huu ni kibovu, na ubovu wake unamgharimu mwananchi pesa. Natumia neno 'kibovu' kwa makusudi. Silalamikii sarufi. Sentensi nyingi za matangazo hayo zimenyooka na upatanisho wake hauna dosari. Tatizo ni kwamba ukishaisoma sentensi iliyonyooka hivyo bado hujui unadaiwa nini, wala unadaiwa na nani.

Tuanze na mambo yalivyo kisheria. Nchini Kenya mwenye ardhi anaweza kudaiwa mara mbili kwa kipande kimoja cha ardhi, na wadai wawili tofauti. Deni la kwanza ndilo Waingereza walilotuachia kwa jina la 'land rent'. Hili hulipwa serikali ya kitaifa na mtu anayemiliki ardhi kwa mkataba wa muda, mathani miaka 99. Hapo serikali ni kama mwenye nyumba na wewe ni mpangaji, hata kama umejenga ghorofa na kupanda maua langoni. Deni la pili ni 'land rates'. Hili ni la kaunti, ambayo imepewa mamlaka ya kulitoza na Katiba ya 2010, kifungu cha 209(3). Halijali kama umiliki wako ni wa mkataba au ni wa milele, mradi ardhi yako imo katika eneo ambalo kaunti inalitoza. Kwa hivyo mwenye ploti ya mkataba mjini hulipa zote mbili, ilhali mwenye umiliki wa milele hulipa ile ya kaunti peke yake.

Kwa Kiingereza maneno hayo mawili yanafanana, lakini angalau ni mawili. Sisi tumeyatia katika chungu kimoja tukaandika juu yake 'kodi ya ardhi'.

Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu, aliniomba nimsindikize hadi afisi moja ya kaunti. Alitaka cheti cha kuthibitisha hana deni, maana alikuwa akiuza sehemu ya ploti yake. Mkononi alikuwa na stakabadhi za miaka sita, zimepangwa kwa tarehe na kufungwa kwa mpira, kama unavyomtarajia mwalimu. Karani alizipitia moja baada ya nyingine, akazirudisha polepole. "Mwalimu, hizi zote ni za Wizara ya Ardhi. Huku kwetu hujalipa hata shilingi." Mwalimu akamwonyesha tangazo la kaunti alilolikata gazetini: kodi ya ardhi. Akamwonyesha stakabadhi: malipo ya kodi ya ardhi, kwa mwandiko wake mwenyewe pembeni. Karani akatabasamu kwa huruma. "Sasa hiyo ni rent. Sisi ni rates." Karani alisema kweli, na mwalimu naye hakuwa mzembe. Aliyewaponza wote wawili ni aliyeandika tangazo.

Deni lenyewe lingevumilika lau si riba. Nairobi, kwa mfano, kwa miaka mingi imetoza asilimia 3 kwa kila mwezi wa kuchelewa. Hiyo ni asilimia 36 kwa mwaka. Deni la mwaka mmoja likikaa miaka mitatu, riba inalipita deni lenyewe. Na sheria ya usajili wa ardhi ya 2012 haimruhusu msajili kuhamisha umiliki kabla ya kuonyeshwa kwamba madeni haya yamelipwa. Huuzi, hugawi, hurithishi. Yote hayo yanaweza kuanzia kwenye neno moja lililotumiwa ovyo.

Je, neno 'kodi' lina kosa gani? Lenyewe halina kosa. Lakini lina nyumba mbili, na anayelitumia sharti aseme leo limelala wapi. Kwa Mkenya wa kawaida, kodi ni ile anayompa landilodi mwisho wa mwezi. 'Kodi imefika', 'amefungiwa mlango kwa sababu ya kodi', hizo ndizo kauli za Kayole, za Changamwe na za Kondele. Kile ambacho serikali hutukata tumezoea kukiita ushuru, ndiyo maana vyombo vyetu vya habari huiita KRA Mamlaka ya Ushuru. Vuka mpaka pale Namanga na mambo yanageuka. Kwa Mtanzania, kodi ndiyo inayokusanywa na Mamlaka ya Mapato, na ushuru ni wa forodha, wa sokoni au wa bidhaa fulani. Magazeti na vitabu vyetu vya shule vimeshaipokea maana ya Tanzania vilevile, na leo 'mlipakodi' anaishi pamoja na 'mlipa ushuru' bila ugomvi. Sina tatizo na hilo. Lugha hai hukaribisha wageni.

Ugomvi huanza neno hilo linapofungamanishwa na ardhi. Ukisema 'kodi ya ardhi' kwa Mkenya, fikira yake ya kwanza, na ni fikira sahihi kabisa, ni malipo ya kukodi. Mtu hukodi shamba la ekari mbili apande viazi, akamlipa mwenyewe kodi. Hilo linawiana barabara na 'land rent', kwa kuwa hiyo ni kodi ya kumkodi mwenye ardhi ambaye ni serikali. Haliwiani hata kidogo na malipo ya kaunti, kwa sababu kaunti haikukukodishia chochote. Inakutoza kwa kuwa unacho.

Wapo waandishi wa matangazo waliolihisi tatizo hili wakakimbilia neno 'ada'. Naelewa kwa nini. Ada ina sauti ya upole, haimtishi mtu. Lakini ada ni malipo ya huduma: ada ya maegesho, ada ya mtihani, ada ya leseni. Unalipa ada, unapewa kitu. Katiba yenyewe imetenganisha mambo haya katika vijifungu viwili vinavyofuatana. Kijifungu cha 209(3) kinazungumzia kutoza mali na burudani. Kijifungu cha 209(4) kinazungumzia malipo ya huduma ambazo serikali inatoa. Anayeita malipo ya ardhi ya kaunti 'ada' amemhamisha mlipaji kutoka kijifungu kimoja hadi kingine, na matokeo yake tunayasikia kila siku: "Nilipe ada ya nini, na taka hazizolewi mtaani kwetu?" Ni lalamiko la haki, tena zito, lakini si utetezi wa kisheria. Ushuru hauna mkataba wa kuzoa taka. Ada ingekuwa nao. Afisa aliyechagua neno la upole ameiundia kaunti yake kesi ya kudumu na wakazi.

Kwa hivyo napendekeza hivi. 'Kodi ya ardhi' libaki kwa ile ya serikali ya kitaifa, ya wenye mikataba ya muda. Ya kaunti iitwe 'ushuru wa ardhi', na kila inapotajwa mara ya kwanza katika tangazo iitwe 'ushuru wa ardhi wa kaunti'. Najua litakalosemwa. Ushuru, kwa asili yake ya Kiarabu, ni sehemu ya kumi, na hapa hakuna sehemu ya kumi inayotozwa. Naam, lakini mzungumzaji wa Kiswahili aliisahau hiyo sehemu ya kumi karne nyingi zilizopita. Litasemwa pia kwamba mama mboga anajua ushuru kuwa ile anayolipa sokoni. Vyema. Ile ya sokoni nayo ni ya kaunti. Akisikia ushuru anafikiri kaunti, na hapo ndipo tunapotaka fikira zake ziende.

Kwa nini tusiwaige tu Watanzania? Wao walilitatua tatizo hili zamani. Wana 'kodi ya pango la ardhi' upande mmoja na 'kodi ya majengo' upande wa pili. Pango hapo ni malipo ya kupanga, si lile shimo la mlimani wanaloliwazia vijana wetu wanaposikia neno hilo. Hakuna Mtanzania wa kawaida anayezichanganya mbili hizi. Tena tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia umeme wa LUKU: nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 za Tanzania kwa mwezi, na ghorofa shilingi 5,000 kwa kila sakafu, kisha mwaka 2023 viwango vikapanda hadi 1,500 na 7,500. Mtu ananunua umeme, anaona kilichokatwa na jina la kilichokatwa. Unaweza kuupinga utaratibu huo kwa sababu nyingine, hasa kwamba mara nyingi anayenunua umeme ni mpangaji na anayedaiwa kodi ni mwenye nyumba. Lakini huwezi kusema jina halieleweki.

Hata hivyo, 'kodi ya majengo' haliwezi kuhamia Nairobi. Nairobi haitozi majengo. Hutoza thamani ya ardhi tupu, kana kwamba juu yake hakujajengwa kitu. Ploti mbili zinazopakana, moja ina kibanda cha mabati na nyingine ina ghorofa kumi na mbili, zikiwa na thamani sawa ya ardhi hutozwa sawa. Tukiiita kodi ya majengo, mwenye kibanda atajiona amesamehewa na mwenye kiwanja kitupu atadhani hahusiki. Sheria zetu zinaruhusu kaunti kuchagua msingi mwingine, kama vile ukubwa wa ardhi au thamani pamoja na kilichojengwa, na hiyo ni sababu nyingine ya kupenda jina pana kama ushuru wa ardhi. Istilahi ya kuazima inafaa pale tu kitu chenyewe kinapofanana.

Lugha ya takwimu nayo ina ujanja wake. Nairobi ilikaa miongo mingi ikitumia thamani za ardhi zilizokadiriwa mwaka 1980. Kutoka 2013, kiwango kilikuwa asilimia 34 ya thamani hiyo ya zamani. Mwaka 2023 kaunti ikahamia thamani mpya, zilizokadiriwa 2019, na kiwango kikawa asilimia 0.115. Hebu isome sentensi hiyo kama mtu asiye na muda: kutoka asilimia 34 hadi asilimia 0.115! Nani hatashangilia? Sasa tufanye hesabu ya mfano. Tuseme ploti ilikuwa na thamani ya Sh30,000 mwaka 1980. Asilimia 34 yake ni Sh10,200. Tuseme ploti hiyohiyo sasa ina thamani ya Sh20 milioni. Asilimia 0.115 yake ni Sh23,000. Kiwango kimeshuka hadi kikakaribia sufuri, na bili imepanda zaidi ya maradufu. Sisemi kaunti ilikosea kubadilisha thamani. Kutumia bei za 1980 katika karne hii ni kichekesho, na wenye ardhi ghali ndio waliofaidika zaidi nacho. Ninachosema ni kwamba tangazo linalotaja asilimia bila kutaja asilimia ya nini halijamwarifu mtu.

Hapo ndipo tunafika kwenye sajili yenyewe, na hili kwangu ndilo zito kuliko yote. Thamani ya kila ploti huandikwa katika daftari ambalo Kiingereza hukiita 'valuation roll'. Kabla halijaanza kutumika, rasimu yake huwekwa wazi ili wenye ardhi waikague na kupinga. Sheria tuliyoishi nayo tangu enzi za mkoloni hadi ilipofutwa na sheria mpya ya 2024 ilitoa siku 28 za kupinga. Siku 28! Na notisi yenyewe, katika Gazeti Rasmi na kurasa za matangazo, huja kwa Kiingereza cha mawakili. Ukiwauliza watu kumi mtaani kama waliwahi kuikagua 'valuation roll' watakutazama tu. Waulize kama waliwahi kukagua majina yao katika sajili ya wapiga kura na wote wataelewa, hata wale ambao hawakwenda. Basi kwa nini hii tusiiite 'sajili ya thamani za ardhi'? Ni jina lisilohitaji kamusi. Mtu akiambiwa, "Njoo ukague thamani iliyoandikiwa ploti yako, ukiona ni ya juu mno pinga kabla ya tarehe fulani," atakuja. Haki ya kupinga ipo kwa wote, ila mlango wake umeandikwa kwa lugha moja, na kifungu cha 7 cha Katiba kinasema lugha rasmi ni mbili.

Kuitafuta rekodi yako mwenyewe ni shughuli. Mifumo haikutafuti kwa jina bali kwa nambari ya ardhi, na ardhi nyingi za Nairobi zimebadilishiwa nambari ili ziingie katika mfumo mpya wa usajili, ule unaoendana na Ardhisasa iliyozinduliwa Aprili 2021. Matokeo ni kwamba hatimiliki ya marehemu babu ina nambari moja, wizara ina nyingine, na bili ya kaunti huenda bado inatumia ile ya babu. Mrithi anaandika nambari mpya kwenye simu, anaambiwa rekodi haipo, anafurahi kwamba hana deni. Kumbe deni lipo, linakua chini ya nambari ya zamani. Ushauri wangu kwa msomaji ni wa vitendo: andika nambari zote mbili, fanya uchunguzi rasmi wa hatimiliki kwenye sajili ya ardhi kwanza, kisha uende kaunti nazo zote. Na ukilipa, hakikisha stakabadhi ina nambari ya ardhi, si jina lako tu.

Hapa pia istilahi zingesaidia. Fomu zetu huuliza 'plot', 'block', 'parcel' na 'L.R. number' kana kwamba kila mtu alisomea upimaji. Kiswahili cha Tanzania kinasema kiwanja namba fulani, kitalu fulani: kiwanja ni kile kipande chako, kitalu ni kundi la viwanja. Haya mawili tungeweza kuyachukua kesho asubuhi. Kwetu kitalu ni pa kukuzia miche, lakini miche na viwanja hupangwa kwa safu vilevile, na watu wangezoea.

Nitapenyeza jambo moja pembeni, kwa sababu linanikera. Ardhi za umma nazo zina malipo yake kwa kaunti, lakini hayaitwi rates. Yanaitwa 'mchango badala ya rates'. Mwananchi akichelewa anaitwa mdaiwa sugu. Serikali ikichelewa, imechelewesha mchango, kama vile ni harambee ya harusi. Mtafsiri mzuri angeliandika jambo hilo kwa jina lake: malipo ya serikali kwa ardhi inazomiliki.

La mwisho ni neno 'msamaha'. Kaunti kadhaa, Nairobi ikiwemo, zimekuwa zikitoa vipindi vya kusamehe riba ili wenye madeni wajitokeze. Ni hatua nzuri. Lakini bango husema 'Msamaha wa asilimia 100' kwa herufi kubwa nyekundu, na mengine kwa herufi za kusomwa kwa darubini. Anayesoma akiwa ndani ya matatu anaelewa kwamba amesamehewa vyote. Anakaa nyumbani, na kipindi kinakwisha. Kumbe kilichosamehewa ni riba tu, tena kwa sharti kwamba deni la msingi lilipwe ndani ya muda huo. Yaani tangazo lililokusudiwa kumleta mtu kaunta limemzuia asije.

Bango hilo lingeweza kusema: "Tunasamehe riba yote. Lipa deni lako la ushuru wa ardhi wa kaunti kabla ya tarehe 31, riba ifutwe. Usipolipa, riba inabaki." Halimalizi hata nusu ya nafasi ya lile la sasa, na anayelisoma ndani ya matatu atashuka kituo kinachofuata.